NOBU MOJA KWANZA: Vijana Wanapojitengenezea Sinthesaiza

(Haya ni mazungumzo tuliyofanya na viongozi wa vikundi vya kujisaidia pamoja na vijana wao. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya mweka hazina. Leo tunazungumza juu ya nyaya na nobu za mashine ya muziki. Mzee mmoja alipoona ratiba alituuliza, "Kwani mmeishiwa na mambo ya maana?" Swali lake ni zuri, na tulijibu hapa mwanzoni.

Vijana wa vikundi kadhaa wametujia na ombi moja. Wanataka sehemu ndogo ya pesa za kikundi wanunue vifaa, wajitengenezee sinthesaiza ya dijitali, kisha waitumie katika kwaya na kuikodisha kwenye harusi. Baadhi ya wazazi wanaona huo ni mchezo. Wengine wanasema afadhali kinanda kinunuliwe dukani, mambo yaishe.

Sisi hatukuja kuwaamulia. Tumekuja kuwaonyesha mashine hii iko vipi ndani, ili mkikubali mjue mnakubali nini, na mkikataa mjue mnakataa nini. Na neno letu ni moja: kifaa ambacho kikundi kinakielewa waya kwa waya ni mali yake. Kifaa kisichoeleweka na yeyote, au kinachoeleweka na mtu mmoja tu, ni deni hata kama kimelipiwa taslimu.

1. MASHINE YENYEWE NI NINI?

Gitaa lina nyuzi. Ngoma ina ngozi. Sinthesaiza ya dijitali ina namba. Ndani yake mna chipu inayohesabu upesi sana. Kila namba inayotoka inageuzwa kuwa msukumo mdogo wa umeme, msukumo huo unasogeza spika mbele au nyuma, na sisi tunasikia sauti.

Tuchukue mfano mmoja ambao mtu wa kawaida anaweza kuumudu. Kuna bodi iitwayo Arduino Uno. Jamii hii ya bodi ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikikusudiwa wanafunzi ambao si mainjinia. Michoro yake iliachwa wazi kwa watu wote, ndiyo maana viwanda vingi vinatengeneza bodi za namna hiyo kwa bei nafuu, na hata Nairobi, Luthuli Avenue na mitaa ya karibu, ukiulizia utaonyeshwa. Halafu kuna programu iitwayo Mozzi, iliyoanzishwa na Tim Barrass mwaka 2012, ambayo hupatikana bure na huigeuza bodi hiyo kuwa sinthesaiza.

Chipu ya Uno inapiga hatua milioni 16 kwa sekunde. Mozzi inaitaka itoe namba ya sauti mara 16,384 kila sekunde. Mkigawanya, mtaona kwamba kati ya namba moja na nyingine chipu ina nafasi ya hatua kama 976 tu. Hiyo ndiyo bajeti yake. Ikitumia zaidi, sauti inakatika-katika. Kwa hiyo hata mashine, jameni, inaishi kwa bajeti.

Tuseme ukweli pia. Kwa kasi hiyo mashine haiwezi kutoa sauti yenye mitetemo zaidi ya 8,192 kwa sekunde, na sikio la kijana linasikia mpaka karibu 20,000. Basi sauti yake haina ule ung'avu wa kinanda cha bei kubwa. Kwa besi, kwa filimbi na kwa midundo, inatosha. Msidanganywe kwamba itatoa zaidi ya hapo.

Lakini mashine yenye namba peke yake inalia tu kama nzi ndani ya chupa. Kinachoifanya iwe chombo cha muziki ni mkono wa mtu, na mkono huo unaingia kwa njia ya nobu.

2. NOBU NA MIGUU YAKE MITATU

Nobu ni kile kidude unachozungusha redioni ukitaka kuongeza sauti. Chini ya kofia yake ya plastiki kuna kifaa kiitwacho potenshometa, chenye miguu mitatu. Ndani mna njia ya kaboni iliyopindwa kama kwato ya punda, na juu ya njia hiyo kuna kidole cha chuma kinachotembea ukizungusha.

Fikirini njia ya kutoka mtoni mpaka kilele cha mlima. Mguu wa pembeni mmoja uko mtoni, yaani sifuri. Mguu wa pembeni wa pili uko kileleni, yaani volti 5. Mguu wa katikati ni msafiri. Akiwa mtoni anasema sifuri, akiwa katikati ya njia anasema mbili na nusu, akifika juu anasema tano. Bodi inamsikiliza huyo msafiri peke yake.

Basi waya ni hizi tatu. Mguu wa pembeni mmoja uende kwenye tundu la bodi lililoandikwa 5V. Mguu wa pembeni wa pili uende upande wa hasi, palipoandikwa GND. Mguu wa katikati uende tundu la A0. Tunashauri nyekundu iwe ya volti 5, nyeusi iwe ya hasi, na njano iwe ya katikati, na rangi hizo zisibadilishwe hata siku ambayo nyekundu imeisha. Afadhali kungoja siku ya soko.

Mkikosea mkabadilishana miguu ya pembeni, hakuna kinachoharibika. Nobu itafanya kazi kinyume tu: ukizungusha kulia sauti inashuka. Lakini mkipeleka volti 5 kwenye mguu wa katikati, na mguu wa pembeni uko hasi, hapo kuna hatari. Ukizungusha mpaka mwisho, umeme unapita moja kwa moja bila kizuizi, na ile njia ya kaboni inaungua. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, mtu wa pili akague kazi ya wa kwanza. Hii si kutoaminiana. Hata mweka hazina anakaguliwa.

Mkienda dukani, ombeni potenshometa ya kiloomu 10, ya aina inayopanda sawasawa. Mara nyingi huandikwa B10K. Ile ya A10K hupanda polepole mwanzoni kisha kwa kasi mwishoni. Hiyo ni nzuri kwa sauti ya redio, lakini hapa itawasumbua, kwa sababu namba zitajazana upande mmoja.

3. KUTOKA VOLTI MPAKA NAMBA

Chipu haijui volti, inajua namba. Kwa hiyo ndani ya Uno mna kipimo kinachogeuza volti 0 mpaka 5 kuwa namba 0 mpaka 1023. Nobu ikiwa katikati, volti ni 2.5 na namba ni kama 512.

Hapa kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, tundu lisilo na waya halisemi sifuri. Linasema uongo. Linaokota umeme wa hewani na kutoa namba za ovyo. Mkiwa na nobu tatu, iambieni programu isome matundu matatu tu.

Pili, nobu haitulii kabisa. Hata usipoigusa, namba inaweza kuruka 511, 512, 513, 512. Dawa yake ni mbili. Mnaweza kuweka kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa katikati na hasi, ili itulize mawimbi madogo. Tena mnaiambia programu: usiseme neno mpaka namba imebadilika kweli.

Tatu, kupima kunachukua muda. Kwa njia ya kawaida Uno huchukua takribani sehemu 100 za milioni ya sekunde kusoma nobu moja. Lakini sauti inahitaji namba mpya kila baada ya sehemu 61. Sasa ikisimama kungoja nobu, sauti inakwama. Mozzi inafanya kama mama anayesonga ugali. Anamtuma mtoto kwa jirani kuomba chumvi, na mwiko hausimami. Mtoto akirudi, chumvi inapokelewa. Kwa kawaida Mozzi huangalia hali ya nobu mara 64 tu kwa sekunde, na mkono wa binadamu hauoni kuchelewa kokote.

Nobu ya kwanza mnaweza kuipa kazi ya kupandisha na kushusha noti. Ya pili mnaipa kichujio. Kichujio cha sauti ni kama chujio la chai: kinapitisha sauti nene na kuzuia majani, yaani ule mlio mkali wa juu. Ukizungusha, sauti inafunguka polepole kama mlango. Vijana wakisikia hivyo kwa mara ya kwanza hawataki kwenda nyumbani.

4. MIDI: LUGHA MOJA KWA MASHINE ZOTE

Mpaka hapa nobu imefungwa kwenye bodi yake. Lakini je, ile nobu ikitaka kuongoza mashine nyingine? Je, kinanda kizee cha kwaya, ambacho spika zake zimekufa lakini vitufe ni vizima, kinaweza kupiga noti za sinthesaiza yetu? Hapo ndipo tunahitaji MIDI.

Zamani kila kiwanda kilikuwa na njia yake ya kuunganisha mashine, na ya huyu haikuelewana na ya yule. Mwaka 1981 Mmarekani Dave Smith, pamoja na Chet Wood, walipendekeza mbele ya mainjinia wa sauti kwamba iwepo lugha moja kwa wote. Mjapani Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa kampuni ya Roland, naye alikuwa akisukuma jambo hilohilo. Mnamo Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, kinanda cha Prophet-600 cha Smith kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, viwanda viwili vilivyokuwa vikishindana, na vikaelewana. Lugha hiyo waliitoa bila kudai malipo kwa kila anayeitumia. Mwaka 2013 wote wawili walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi. Kakehashi alifariki mwaka 2017 na Smith mwaka 2022, na mashine zinaendelea kuzungumza lugha yao. Lingekuwa na malipo, kijana wa kijijini asingeligusa.

Sasa sikilizeni vizuri. MIDI haibebi sauti. Mwalimu wa kwaya anaposimama mbele na kupunga mkono, yeye haimbi. Anaonyesha nani aingie, apande kiasi gani, anyamaze lini. MIDI ni huo mkono.

Ujumbe wa nobu una namba tatu. Kwa mfano: 176, 74, 100. Namba ya kwanza inasema, "Hii ni nobu, kwenye chaneli ya kwanza." Ziko chaneli 16, ili mashine kadhaa zitumie njia moja bila kugombana. Namba ya pili inasema ni nobu gani. Namba ya tatu inasema imezungushwa kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 127.

Kwa nini 127? Kwa sababu kila namba ina nafasi nane za ndiyo au hapana, na nafasi moja imetengwa kuonyesha kama huu ni mwanzo wa ujumbe. Saba zinazobaki zinatosha kuhesabu 0 mpaka 127. Kwa hiyo ile namba ya bodi yetu, 0 mpaka 1023, tunaigawanya kwa 8. Nobu ya katikati, 512, inakuwa 64.

Nobu nyingine zina namba zilizokubaliwa. 7 ni kiasi cha sauti. 10 ni kulia au kushoto. 64 ni kanyagio la kushikilia noti. 74 hutumika sana kufungua kichujio. Mkizifuata namba hizo, sanduku lenu la nobu litaweza kuongoza hata kinanda cha kanisa la jirani chenye MIDI. Mkijitungia zenu ovyo, litaelewana na nyinyi peke yenu.

Na hapa ndipo ile dawa ya kutulia inapohitajika. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Ujumbe mmoja wa nobu unachukua biti 30, karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni upesi, lakini nobu nane zikipayuka wakati wote bila sababu, noti zinachelewa mlangoni. Nyote mmewahi kuhudhuria mkutano wenye mtu wa namna hiyo.

5. WAYA ZA MIDI

Plagi ya MIDI ya asili ni ya duara, yenye pini tano. Angalieni: pini hazikuhesabiwa kwa kufuatana. Ukizunguka upinde ni 1, 4, 2, 5, 3. Tena ukiitazama kwa mbele na ukiitazama kwa nyuma, mpangilio unageuka. Msikisie. Someni tarakimu ndogo zilizochapwa kwenye plastiki.

Kutoa ujumbe ni rahisi. Pini ya 4 inaunganishwa na volti 5 kupitia rezista ya omu 220. Pini ya 5 inaunganishwa na tundu la TX la bodi, ambalo ni namba 1, nalo kupitia rezista ya omu 220. Pini ya 2 inakwenda hasi. Pini za 1 na 3 zinaachwa.

Kupokea ujumbe kunataka kifaa kimoja zaidi, kiitwacho optokapla. 6N138 ndiyo inayojulikana sana. Ndani yake mna taa ndogo na jicho. Ujumbe unawasha taa, jicho linaona, na bodi yetu inapata habari bila waya za mashine mbili kugusana. Kwa nini taabu hiyo? Kwa sababu mashine ya pili ikiwa na hitilafu ya umeme, isiiue ya kwanza. Tena inazuia ule mngurumo wa stima unaosikika kwenye spika. Ndiyo maana upande wa kupokea, pini ya 2 haiunganishwi. Optokapla ni kama mwanya tunaouacha kati ya nyumba mbili ili moto usivuke.

Jambo moja la kukumbuka: wakati wa kuingiza programu mpya kwenye Uno, ondoeni kwanza waya iliyo kwenye tundu la RX, namba 0. Vinginevyo programu haitaingia, na mtadhani bodi imekufa.

6. NOBU NYINGI ZIKITAKA KUSEMA

Uno ina matundu sita tu ya kusomea nobu. Mkitaka nane au zaidi, kuna chipu ya bei ndogo iitwayo 4051. Kazi yake ni ya mwenyekiti wa mkutano. Nobu nane zinakaa mbele yake, naye anaruhusu moja kwa wakati ipite kwenda kwenye bodi. Waya tatu kutoka kwenye bodi zinamwambia ni zamu ya nani, kwa maana ndiyo na hapana mara tatu zinatoa majina nane. Nobu nane kwa tundu moja! Mwenyekiti mzuri huokoa muda wa wote.

Mkihamia bodi kubwa zaidi, angalieni volti. Teensy 4.0, ya mwaka 2019, inaweza kutoa sauti kwa mara 44,100 kwa sekunde, kiwango cha CD. Lakini inafanya kazi kwa volti 3.3. Mkiipelekea nobu iliyounganishwa na volti 5, mtaichoma. Raspberry Pi ni kompyuta nzima lakini haina hata tundu moja la kusoma nobu. Inahitaji chipu ya kuisaidia, kama MCP3008, yenye nafasi nane. Na kwa bodi za volti 3.3, rezista za kutoa MIDI zinabadilika: omu 33 kwa pini ya 4, omu 10 kwa pini ya 5.

7. KIKITOKEA KOSA

Mmezungusha nobu, hakuna kinachobadilika. Msianze kung'oa kila waya. Chukueni mita. Mguso mweusi uwekeni hasi, mwekundu kwenye mguu wa katikati wa nobu. Zungusheni. Kama mita inapanda na kushuka, nobu na waya zake mbili za pembeni ni nzima. Tafuteni kosa kwenye waya ya katikati kwenda bodini, au kwenye programu. Kama mita haisogei, programu haina hatia. Tafuteni kwenye nobu na waya zake. Kwa kipimo kimoja mmelikata tatizo nusu mbili. Halafu mnalikata tena.

Noti imekwama inalia bila kukoma? Tumeni ujumbe wa 123, maana yake "zima noti zote." Kijana mwenye busara huweka kitufe maalum cha kazi hiyo. Katikati ya harusi mtakishukuru.

Na usalama, tafadhali. Mashine hii itumie volti 5, kwa chaja nzuri ya simu au kwa betri ya sola yenye kipunguza volti. Stima ya ukutani ni volti 240, inaua. Msifungue amplifaya iliyochomekwa. Risasi ya kulehemu ya kawaida ina madini ya ledi, ambayo ni sumu. Msilehemu jikoni wala karibu na watoto, fungueni madirisha, na mnawe mikono kabla ya kula.

8. NANI ANAJUA?

Sasa turudi kwa yule mzee na swali lake.

Tunakijua kikundi kimoja, ambacho hatutakitaja, kilichokuwa na mtambo wa muziki uliounganishwa na kijana wao hodari. Ulifanya kazi vizuri na ukaleta pesa. Kijana akapata kazi mjini akaenda zake, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Baada ya wiki chache waya moja ikakatika ndani. Waya moja tu! Lakini zote zilikuwa za rangi moja, hapakuwa na mchoro, na hakuna mwingine aliyewahi kufungua sanduku. Fundi wa mjini aliliangalia akasema hajui pa kuanzia. Mtambo ukafunikwa kitambaa. Wanachama wakaanza kuulizana pesa zilikwenda wapi, na maneno hayo yakavunja kikundi. Kilichokivunja si waya. Kilivunjwa na ujuzi uliokuwa katika kichwa kimoja.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

(a) Msikope. Anzeni na bodi moja, nobu moja, waya chache, mita moja. Nobu hiyo ikifanya kazi, na watu watatu wakaweza kuieleza mbele ya kikundi, ndipo mnunue ya pili.

(b) Wekeni daftari. Kila waya iandikwe: rangi gani, inatoka wapi, inakwenda wapi. Katibu alihifadhi pamoja na kumbukumbu za mikutano. Nakala ya programu iwekwe mahali pawili.

(c) Sanduku lifungwe kwa skrubu, si kwa gundi. Kila miezi mitatu lifunguliwe na mtu ambaye hakulitengeneza.

(d) Wasichana wasiachiwe kupika chai wakati wavulana wanaunganisha waya. Kulehemu kunataka mkono mtulivu na jicho la subira. Wengi wao wamezoea shanga na sindano, na mikono hiyo ndiyo inayotakiwa hapa.

(e) Kabla ya kuahidi mtu harusi, mashine ipigwe saa nzima bila kuzimwa, mbele ya wanachama.

Mkifuata hayo, hata sinthesaiza isipoleta pesa nyingi, mtabaki na vijana wanaojua kupima volti, kusoma mchoro na kutafuta kosa kwa utaratibu. Nobu inayoongoza sauti na nobu inayoweka kiwango cha joto kwenye mashine ya kuangulia vifaranga zinaweza kuunganishwa kwa waya zilezile tatu. Mzee wetu, hilo ndilo jibu letu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kaeni, jadilianeni, halafu mtuletee mlivyoamua.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni vifaa gani vya kikundi chetu vinavyojulikana na mtu mmoja tu? Akiondoka leo, kitatokea nini?

2. Vijana wetu wanaomba nini hasa: kifaa, au nafasi ya kujifunza? Je, tumewauliza?

3. Tukianza na nobu moja, ni watu gani watatu watakaojifunza pamoja? Je, kati yao kuna msichana?

4. Nani atatunza daftari la waya, na nani atalikagua?